Imebaki Kidogo Tu

Mradi wangu ulichelewa siku 21 kabla sijagusa hata nati moja, na aliyeuchelewesha ni kuku.

Nilikuwa nimetoka Tanga mjini na kirikuu ya kukodi, nimefika Muheza kwa mjomba, chai nimeshakunywa, ahsante nimeshatoa mara tatu kwa zawadi niliyoahidiwa. Tukafungua banda la uani. Juu ya keria ya ile Honda, ndani ya tenga lililofungwa kwa mpira wa tyubu tangu enzi za kubebea machungwa, ameatamia mtetea. Akanitazama kama vile nimekuja kudai kodi.

"Huyo usimguse," mjomba akasema. "Ana mayai kumi na moja. Njoo akishaangua."

"Mjomba, si tunamshusha na tenga lake taratibu tu?"

"Ukimhamisha atasusa. Wewe ukibebwa na kitanda chako usingizini mpaka Mombo, utaendelea kulala?"

Jibu sikuwa nalo. Kirikuu ikarudi Tanga tupu, dereva akalipwa kwenda na kurudi, na nyumbani nikaulizwa pikipiki iko wapi. Nikasema inasubiri kuangua. Mama watoto hakucheka. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchele, na leo nikikumbuka naona alishajua kila kitu tangu siku ile.

Naomba nieleweke. Mimi si mtu wa pikipiki, mimi ni mtu wa kukaa. Lakini nimefika ule umri ambao mwanamume anaanza kutafuta kitu cha kutengeneza, maana vya kuvunja ameshavimaliza. Wenzangu walikimbilia kufuga kware, kware wakawashinda. Mmoja alinunua kinanda. Mimi nikaikumbuka Honda ya mjomba, ile iliyokuwa ikitubeba watoto watatu kwenda kuoga mtoni, mmoja mbele, wawili nyuma, na mjomba katikati na kofia yake ya ualimu.

Ni Honda C70 ya mwaka 1978. Rangi yake ni bluu, au ilikuwa. Lile plastiki jeupe la kukinga miguu limegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Mjomba aliiegesha mwaka 1996 kwa sababu ambayo kila mwaka ni tofauti, na tangu hapo haijawaka. Kwake yeye kila chenye magurudumu mawili na injini ni Honda. Yamaha ni Honda. Boxer ya kijana wa jirani ni "Honda ya Kihindi". Na huwezi kumlaumu sana, maana ukoo wa pikipiki hizi ulianza 1958, na mwaka 2017 Wajapani wenyewe walitangaza kwamba wametimiza milioni 100. Milioni mia, na katika hizo zote mimi nikaangukiwa na ile yenye uzazi juu.

Nilipenda hadithi yake pia, na hapo ndipo nilipoponzeka. Takeo Fujisawa, aliyekuwa akishika upande wa fedha na biashara huku Soichiro Honda akishika spana, alitaka chombo ambacho kijana wa kupeleka tambi za soba nyumba kwa nyumba ataweza kukiendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umebeba chakula. Ndiyo maana haina klachi ya mkono. Unakanyaga gia, unavuta resi, unakwenda. Soba sisi hatuna, lakini mjomba aliendesha miaka yote hiyo kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na mwamvuli, na akifika shuleni daftari za watoto ziko kavu kwenye tenga.

"Hii nzima hii," mjomba aliniambia mara ya pili nilipokuja kuichukua, vifaranga wakipita chini ya miguu yetu. "Nimeiweka tu. Imebaki kidogo tu, plagi."

"Na kadi, mjomba?"

"Kadi nitakupa ikishawaka."

Nikaona ni sawa. Kadi ni kitu kidogo.

Nyumbani nikatangaza wiki mbili. Nikafungua gereji kwenye kibaraza, gereji yenyewe ikiwa ni jamvi kuukuu, spana za baiskeli, koleo, nyundo, na bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota. Tanga ni mji wa baiskeli, na mtu aliyekulia hapa hujiona fundi kwa sababu aliwahi kurudisha mnyororo.

Bisibisi ya nyota ndiyo iliyonipa somo la kwanza. Skrubu za Kijapani zina nyota, bisibisi yangu ina nyota, ukizitazama unasema hawa ndugu. Kumbe ni majirani tu. Nyota ya Kijapani ina kina chake na kona zake, na hii ya dukani kwetu ni ya mtindo wa Phillips, ambayo ukiikaza sana inapanda na kuruka. Skrubu ya kwanza ya kifuniko cha injini niliitafuna kidogo. Ya pili niliitafuna zaidi kwa hasira za ya kwanza. Ya tano haikuwa na nyota tena, ilikuwa na shimo la duara, safi kabisa, kama limechimbwa kwa makusudi. Kijana mmoja wa gereji za bodaboda alipita, akachutama, akatikisa kichwa. "Mzee, hizi zina bisibisi yake ya kugonga. Unaipiga nyundo, yenyewe inajizungusha." Akaniazima. Skrubu zilizobaki zikatoka kama njugu. Zile tano tulizitoboa kwa drili, na hapo wiki mbili zangu zilikuwa zimekwisha.

Tukafungua injini. Silinda ya Honda hii imelala mbele karibu kugusa tairi, na ndani yake pistoni ilikuwa imeganda kabisa, kutu na aluminiamu wamefunga ndoa. Nikapeleka habari kijiweni kwenye kahawa. Hilo lilikuwa kosa.

Kila mzee wa Tanga aliwahi kuwa na Honda 70. Kila mmoja aliiuza kwa bei ya kutupa. Na kila mmoja anamlaumu mkewe. Mmoja akasema mimina mafuta ya breki. Wa pili akasema dizeli. Wa tatu, ambaye bado kashata iko mdomoni, akasema mafuta ya nazi, tena ya kukamua nyumbani, haya ya dukani hayana nguvu. Wakagombana. Wa dizeli alimkumbusha wa nazi kwamba hata gari lake lilikufia Segera akaliacha. Wa nazi akainuka bila kumaliza kahawa yake. Kwa siku nne hawakusalimiana, na mimi nikawa kama mchochezi, kila nikipita naulizwa nimetumia yapi.

Nilitumia dizeli. Na nazi kidogo, kwa ajili ya amani. Siku ya tisa, kwa gogo la mkorosho na nyundo, pistoni ikasogea.

Silinda ilikuwa imekwaruzika. Nikaipeleka kwa mkerezaji, mzee mmoja mtaratibu ambaye anavaa miwani miwili kwa pamoja. Akapitisha kidole. "Hii inachongwa, imebaki kidogo tu iwe nzima. Lakini niletee pistoni kwanza. Sichongi bila pistoni mkononi." Na ana haki, maana silinda hukerezwa kufuata pistoni, wala si kinyume chake. Ukichonga kwa makisio umetengeneza kibia cha pilau.

Pistoni haipo Tanga. Nikapanda basi kwenda Kariakoo.

Kariakoo utapata kila kitu cha Boxer. Utapata cha TVS, utapata cha pikipiki za Kichina ambazo hata Wachina wameshazisahau. Ukitaja C70 muuzaji anakutazama kwanza usoni, kisha viatu, halafu anaita mwenzake wa ndani, "Eti kuna mzee anataka ya sabini." Duka la nne nikaletewa pistoni inayong'aa.

"Hii ya mia na kumi. Injini ni ile ile ya kulala. Inaingia."

Nami nilikuwa na vipimo vyangu kwenye karatasi, kwa mara ya kwanza maishani. Pistoni ya C70 kipenyo chake ni milimita 47. Ile aliyoishika, ya 110, ni milimita 52.4.

"Kijana, hii imezidi milimita tano na pointi."

"Unachonga kidogo tu, mzee."

Kidogo! Ukichonga hicho kidogo chake unatokea nje ya silinda, unaona mtaa wa pili. Nikamwambia hivyo, akaniambia basi nichukue injini nzima mpya ya Kichina, itakaa kwenye matundu yale yale. Na hapo, lazima nikiri, moyo uliyumba. Angekuwa na bei ya kistaarabu safu hii ingeishia hapa.

Niliipata duka la kumi na ngapi sijui, kwa mzee aliyekuwa amesinzia juu ya kaunta. Hakuuliza mara mbili. Alipanda ngazi, akashusha boksi lenye vumbi la kuota mchicha, akatoa pistoni na ringi zake, ovasaizi ya nusu milimita, yaani 47.5. Akaifuta kwa shati lake. Akaniambia alikuwa nayo. Nikamuuliza kama aliiuza kwa sababu ya mkewe. Akashtuka, "Umejuaje?" Bei aliyonitajia sitaiandika hapa kwa sababu gazeti hili linasomwa na mama watoto. Nilirudi Tanga pistoni iko mfuko wa shati upande wa moyo, na kila basi lilipopiga tuta nikaishika.

Huku nyuma masika yakaanza na gereji ikahamia sebuleni. Sikuhamisha kwa siku moja, nilihamisha kidogo kidogo. Leo madigadi nyuma ya mlango, kesho shokapu chini ya kochi. Kabureta niliichemsha kwenye sufuria kwa maji ya ndimu, njia nzuri sana ya kutoa uchafu, na nikaosha sufuria kwa sabuni mara tatu. Chai ya jioni ile ilinuka petroli. Sufuria ikawa yangu rasmi. Nimepewa pamoja na mwiko.

Lakini kilichonizeesha ni tenki.

Tenki la C70 liko chini ya kiti. Unanyanyua kiti ndiyo unajaza mafuta. Miaka ile yote bandani, na upepo wetu wa bahari unaofika mpaka Muheza ukitaka, ndani kulikuwa kumeota kutu nene ya magamba, ukilitikisa linalia kama kayamba. Nilianza na njia ya kienyeji. Nikatia nati na kokoto na ukwaju, nikatikisa mpaka mabega yakakataa. Kutu ya juu ikatoka, ya chini ikabaki inacheka.

Jirani yangu mmoja alifundisha kemia enzi zake. Akaniambia kuna njia safi, haitaki nguvu, inataka akili. Jaza tenki maji yenye magadi. Chovya nondo katikati, isiguse ukuta wa tenki mahali popote. Chukua chaja ya betri, upande wa hasi funga kwenye tenki, upande wa chanya funga kwenye nondo. Umeme ukipita kutu inabanduka yenyewe. Fanya uani, akaonya, pale panapopita hewa, maana mapovu yale ni haidrojeni, na mtu asiwashe hata sigara.

Magadi ndani kwetu yako kwenye kopo la maziwa, ni ya mlenda na maharage. Nikachukua nusu. Sawa, nikachukua yote. Nikajaza maji, nikaning'iniza nondo kwa kipande cha mti, nikafunga waya gizani kwa sababu tochi alikuwa nayo mtoto anafanya homuweki. Mapovu yakaanza kupanda, shhh, shhh, kama soda. Nilikaa pale na kiti mpaka saa sita usiku nikitazama sayansi. Nilijisikia mtu mwenye maana.

Asubuhi nikavuta nondo. Sijawahi kuona nondo safi namna ile. Ilikuwa imetoka dukani na kutu yake, sasa inang'aa yote, mistari yake inahesabika, ungeweza kuipeleka posa. Nikalichungulia tenki. Tenki lilikuwa limeoza zaidi ya jana.

Nilikuwa nimefunga waya kinyume. Usiku kucha nimetumia umeme wa nyumba, magadi ya mlenda na usingizi wangu kuisafisha nondo ya shilingi elfu mbili, kwa kulitafuna tenki ambalo Tanzania nzima halipatikani. Mwalimu wa kemia alikuja akatazama, akakaa kimya sana, halafu akasema, "Kanuni imefanya kazi."

Nikageuza waya, nikarudia siku mbili, na kweli kutu ikatoka, njia ile haina kasoro. Ila kutu ndiyo iliyokuwa ikiziba matundu. Nilipotia petroli ikatoka chini kwa njia tatu. Kijana wa bodaboda akaniletea kipande cha sabuni ya mche, akakisugua pale kwenye matundu mpaka ikaziba, maana petroli haiyeyushi sabuni. Watu wamesafiri nchi hii kwa sabuni hiyo. Mimi nikasema hapana, nataka kazi ya kudumu, nikapeleka kwa mchomeleaji. Yeye naye akasema halishiki mpaka nilioshe mara nne, kisha nilijaze maji liache upenyo mdogo tu, ndipo aweke moto karibu. Ana watoto, akasema. Alichomelea matundu matatu, likafunguka la nne. Hilo la nne lina sabuni mpaka leo.

Magadi sikuyarudisha kwa wakati. Tulikula maharage magumu Jumapili ile, na kila punje niliitafuna nikitazamwa.

Nisikuchoshe na rangi. Bluu niliyoipata si ile. Tuendelee.

Umeme wa Honda hii ni wa volti 6, na nyaya zake zote zilikuwa zimeliwa na panya, nadhani ndio waliokuwa wapangaji wa ghorofa ya chini kabla ya kuku. Nikamwita fundi umeme wa pikipiki, hodari, Boxer anaifunga macho yamefumba. Akaunganisha yote kwa saa moja. Nikawasha ufunguo. Moshi.

Ni moshi mdogo, mweupe, wa adabu, lakini unajua kabisa kwamba kuna pesa inapanda mbinguni. "Nyeusi si ndiyo hasi?" fundi akauliza, huku anapuliza. Kwa watu wote duniani, labda. Kwenye Honda hasi ni waya wa kijani, na mweusi ndio unaobeba moto ukishawasha ufunguo. Yeye alikuwa ameufunga mweusi kwenye bodi kwa upendo na nati mbili. Simlaumu sana. Mimi niliyesafisha nondo nitamlaumu nani?

Betri ya volti 6 nayo haipo, kila nikiuliza naletewa ya 12. Mpaka usiku mmoja nimekaa gizani, umeme umekatika, natazama ile taa yetu ya kuchaji iliyokuwa juu ya kabati, nikaona maandishi ubavuni mwa betri yake. 6V 4Ah. Nilijisikia kama Newton na embe lake.

Nilisubiri umeme urudi. Hilo naomba liandikwe, nilisubiri. Lakini baada ya siku tatu ukakatika tena, saa mbili usiku, mchuzi uko jikoni, na mama watoto akapapasa mpaka kwenye kabati akabonyeza swichi. Tik. Akabonyeza tena. Tik. Mimi niko kibarazani gizani kimya, na pale nje, peke yake katika mtaa mzima wa giza, taa ya nyuma ya Honda inawaka, nyekundu, nzuri. Nilikuwa nimeisahau.

"Baba watoto."

"Naam."

"Hiyo ndiyo taa yetu?"

"Imebaki kidogo tu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Limekuwa kama kikohozi.

Platini nilirekebisha kwa kumpigia simu mjomba, kosa jingine. Kitabu kinasema mwachano wake uwe kati ya milimita 0.3 na 0.4, na ianze kufunguka pale alama ya F kwenye gurudumu la sumaku inapokutana na mstari. Nilikuwa nimenunua vile vijibati vya kupimia, vyembamba kama gamba la kitunguu, vimeandikwa namba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Imewaka?"

"Bado, napima platini."

"Unapima na nini?"

Nikamwambia.

"Acha mambo hayo. Chukua gamba la kiberiti, lichomeke, likipita kwa shida kidogo kaza. Mimi nimeendesha miaka kumi na minane kwa kiberiti."

Nilipokata simu nililipima gamba la kiberiti kwa vijibati vyangu. 0.35. Sikumwambia, wala sina mpango.

Ikawaka Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa kumi na tisa wa zile wiki mbili. Kiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tano ikakohoa ikatoa kitu kwenye egzosi, nadhani lilikuwa tope la nyumba ya nyigu, kikampata paka. Ya sita ikashika. Sauti yake haina makelele, ni tutututu ya mtu anayesaga karanga chumba cha pili. Moshi ukajaa mtaa. Watoto wakaja, wazee wa kijiweni wakaja, wa dizeli na wa nazi wakasimama pamoja, kila mmoja akimweleza mwenzake ni mafuta gani yaliyofanya kazi ile. Mama watoto akatoka na upawa mkononi. Alisimama mlangoni akisikiliza. "Kumbe kweli inalia," akasema, na kwa nyumba yetu hiyo ni hotuba.

Nikampigia mjomba. Kesho yake saa nne akashuka kwenye Coaster, kanzu safi, kofia, na mkononi mfuko wa plastiki na lile tenga. Nikafurahi, nikajua ni machungwa. Tenga lilikuwa tupu. Nikadhani labda ni la kubebea zawadi ya kurudi nayo.

Akaizunguka Honda mara mbili bila kusema neno. Akaigusa pale kwenye tenki. "Hii sabuni ni ya nini?"

"Ni ya muda, mjomba."

"Bluu si hii."

"Najua, mjomba."

"Washa niisikie."

Nikawasha. Akafumba macho. Nilimwona kabisa mwalimu wa mwaka themanini na kitu akirudi usoni, shavu kwa shavu. Kisha akafungua macho, akaliweka tenga kwenye keria, akatoa mfukoni mpira wa tyubu, akalifunga. "Ili ikae kama zamani," akasema. Nikaona ni vizuri, nikapiga picha. Kwenye mfuko wa plastiki akatoa helmeti. Hapo ningejiuliza. Sikujiuliza. Mtu anayekuja kusalimia na helmeti kwenye mfuko, nami nimesoma mpaka kidato cha nne, sikujiuliza.

"Nipishe nizunguke hapo mbele."

Akapanda, akakunja kanzu, akakanyaga gia. Mkono mmoja kwenye resi, wa pili akatupungia. Akakata kona pale kwenye mnazi.

Robo saa. Nusu saa. Adhuhuri ikaadhiniwa. Chakula kikapoa. Nikatuma kijana wa bodaboda azunguke mtaa, akarudi akasema mzee ameonekana Pongwe, anakwenda vizuri, trafiki mmoja amemsimamisha wakawa wanacheka, eti baba yake trafiki alikuwa nayo.

"Pongwe si njia ya Muheza?" mama watoto akauliza. Alikuwa anauliza kwa sauti ya upole sana.

"Ndiyo."

"Na kadi anayo nani?"

Nikatazama kibaraza. Palikuwa na jamvi, doa la oili, sufuria yangu, mwiko wangu, na nondo inayong'aa.

Simu ilikuja saa kumi.

"Nimefika salama," mjomba akasema. Nyuma yake nasikia kuku. "Inavuta. Inavuta mpaka mlima wa kwa Kibanda haikusumbua. Umejitahidi, mwanangu."

"Mjomba, mimi nilidhani—"

"Ila honi hailii. Na indiketa ya kushoto inawaka tu, haipepesi. Imebaki kidogo tu. Njoo Jumamosi uimalizie, uje na spana zako, maana mimi zangu zilishapotea."

"Jumamosi hii?"

Akanyamaza kidogo. Nikasikia mlango wa banda ukilia.

"Ngoja," akasema. "Usije hii. Kuna mtetea hapa ameanza kulizungukazunguka tenga. Subiri nikuambie akishatulia."